Mali Bila Daftari: Maoni Yetu Juu ya Mawe Yawakayo ya New Jersey

Katika mkutano wa chama wa mwezi uliopita, ajenda ya tatu ilikuwa ndogo: mawe tuliyoyaleta kutoka Franklin yawekwe wapi? Katibu aliipa dakika tano. Ikachukua saa moja na nusu. Chai ikapoa, maandazi yakaisha, na mlinzi wa jengo akaja mara mbili kutukumbusha kwamba milango hufungwa saa nne usiku.

Sisi tunaoandika hapa ni wanne kati ya kumi na mmoja waliokwenda Franklin. Hatuandiki kwa niaba ya chama wala ya mwalimu wetu mlezi. Tunaandika kwa sababu mjadala ule haukuisha, na kwa sababu tumekuja kutambua kwamba haukuwa mjadala wa kabati hata kidogo.

Ulianza hivi. Mmoja wetu alipendekeza mawe yawekwe kwenye kabati la vioo, karibu na vinyago na bao, na juu yake ifungwe taa, ili wageni wa usiku wetu wa utamaduni wabonyeze swichi na kushangaa. Wengi wakapiga makofi. Ndipo mwenzetu aliyekulia Lubumbashi, ambaye hakuwamo safarini, akauliza: "Mlilipa dola ngapi kuingia kwenye hicho kifusi?" Tukamwambia. Akasema: "Basi huku mtu hulipa ili aokote mawe ya mgodi uliokufa, na akirudi anapigwa picha. Kwetu mtu akiokota mawe ya kifusi ili watoto wapate unga, anaitwa mwizi, na akifia shimoni hata jina lake haliandikwi. Mimi sikatai mawe yenu, ndugu zangu. Nauliza tu: mmeandika nini juu yake?"

Hatukuwa tumeandika kitu. Mawe yote kumi na manane yalikuwa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki wa dukani.

Maoni yetu, baada ya kulifikiria swali lile kwa wiki nne, ni haya. Kuokota mawe yawakayo kwenye migodi iliyofungwa ni kazi ya heshima na yenye elimu, na chama chetu kiendelee nayo. Lakini kuokota ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika. Jiwe lisilo na kadi ya kueleza lilikotoka na ni nani waliochimba pale, lisiingie kabatini mwetu hata kama linawaka kama upinde wa mvua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mawe haya methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Kwa ambao hawakuja, tueleze kwanza tulikwenda wapi.

Franklin na Ogdensburg ni miji midogo miwili inayopakana katika wilaya ya Sussex, kaskazini mwa jimbo la New Jersey. Chini yake kulikuwa na hazina mbili za zinki: moja Franklin kwenyewe, ya pili Sterling Hill, kule Ogdensburg. Miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Zinki ndiyo hupakwa juu ya mabati yasishike kutu, na oksidi yake hutiwa katika rangi nyeupe ya nyumba na katika mpira wa matairi. Mgodi wa Franklin ulifungwa mwaka 1954 baada ya mawe yake ya zinki kwisha. Wa Sterling Hill ulifungwa mwaka 1986, nao ulikuwa mgodi wa mwisho wa chini ya ardhi uliokuwa ukifanya kazi katika jimbo lile. Kwa jumla, migodi hiyo miwili ilitoa zaidi ya tani milioni 30 za mawe yenye zinki. Pampu zilipozimwa Sterling Hill, maji yalipanda na kuzijaza njia za chini, moja baada ya nyingine. Mwaka 1990 sehemu ya juu ikafunguliwa kuwa makumbusho, na siku hizi wanafunzi kama sisi huingia kwa miguu mikavu pale ambapo watu walikuwa wakishuka kazini alfajiri.

Jambo lililoifanya miji hii ijulikane duniani si zinki peke yake. Katika eneo hilo dogo zimepatikana aina zaidi ya 350 za madini, na zaidi ya 80 kati yake huwaka zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, jamaa ya mionzi ya jua inayounguza ngozi. Ukiliona jiwe la Franklin mchana, huligeuzi mara mbili: ni la kijivu, lina madoa meusi, mtu angeliweka nyuma ya gurudumu la gari. Ukizima taa ya chumba na kuwasha ile ya mionzi, jiwe lilelile linakuwa jekundu kama kaa la moto na kijani kibichi, rangi mbili zilizoshikana, na yale madoa meusi yanabaki meusi.

Mwenzetu anayesoma kemia alitueleza sababu tukiwa ndani ya basi, nasi tunaieleza hapa kwa ufupi. Mionzi ile huipa elektroni za ndani ya jiwe nguvu ya ziada. Elektroni hazikai nayo. Huirudisha papo hapo kama mwanga tunaouona. Ili hilo litokee, mara nyingi jiwe linahitaji mgeni, yaani chembe za elementi nyingine zilizoingia ndani ya umbo lake tangu lilipoumbika. Katika mawe ya Franklin mgeni mkuu ni manganizi. Akiingia katika madini yaitwayo wilemaiti, huwaka kijani. Manganizi huyohuyo akiingia katika kalsaiti, huwaka jekundu. Na chuma, kinyume chake, huzima mwanga. Ndiyo maana franklinaiti, madini meusi yenye chuma kingi, hayawaki kamwe. Kuna na nyinginezo: hadistonaiti huwaka rangi ya zambarau, esperaiti huwaka manjano ya limau, nayo wakusanyaji huitafuta kama watu watafutavyo ng'ombe aliyepotea.

Basi hao wakusanyaji ni watu gani, na kwa nini tunawatetea? Tunawatetea kwa sababu bila wao mawe haya yasingekuwepo leo. Kampuni iliyochimba haikuwa ikitafuta uzuri. Ilikuwa ikitafuta zinki. Kwa kweli taa hii ya ajabu iliingia Franklin kama mtumishi wa hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambulia mawe walikuwa wakimulika makapi kwa cheche za umeme zinazorukia kati ya ncha za chuma, kwa kuwa cheche hizo hutoa mionzi ya urujuanimno. Wakiona kijani kingi katika makapi, walijua kwamba wilemaiti inatupwa pamoja na zinki yake, na kwamba mashine irekebishwe. Jiwe zuri lisilokuwa na faida lilipondwa au kumwagwa kwenye kifusi.

Yaliyookoka, mengi yaliokolewa na wachimbaji wenyewe. Kule kila mzee anayekuongoza atakusimulia habari ya kopo la chakula: asubuhi mchimbaji alishuka nalo likiwa na mkate, jioni akapanda nalo likiwa na jiwe. Wachimbaji hao wengi walikuwa wageni katika nchi hii kama tulivyo wengi wetu. Walitoka Cornwall kule Uingereza, Hungaria, Poland, Urusi na Meksiko. Walifanya kazi gizani, wakajua kwa mkono na kwa nyundo ni wapi mwamba unabadilika, kisha wakawauzia au kuwapa wakusanyaji wa juu. Tukilitazama jiwe linalowaka katika makumbusho, tukumbuke: usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa tuzijibu hoja zilizotolewa mkutanoni, kwa sababu zote zilikuwa na uzito.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya hatari. Dada yetu mmoja anayesomea uuguzi alisema chama kitakuja kulaumiwa mtu akidumbukia shimoni. Tunakubaliana naye, tena tunataka kanuni iwe kali kuliko alivyopendekeza yeye. Hatuingii katika mgodi wowote ulioachwa. Hatuingii hata hatua tatu "kuchungulia tu". Katika mashimo ya zamani hewa huweza kukosa oksijeni bila harufu wala dalili yoyote. Nguzo za mbao huoza kwa ndani huku nje zikionekana nzima. Sakafuni huwa kuna mashimo ya wima yaliyofunikwa na mbao zilizolika au maji yaliyotulia, na mtu huona kidimbwi kumbe ni kina cha futi mia. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa migodi imekuwa ikiendesha kampeni tangu 1999 ya kuwaasa watu, hasa vijana, wasisogelee migodi iliyoachwa. Haikuianzisha bure, watu hufa.

Mahali petu ni kwenye vifusi vilivyo wazi, kwa kibali. Pale Franklin kifusi maarufu huitwa Buckwheat, kando ya makumbusho ya madini ya mji. Unalipa kiingilio, unavaa miwani ya kukinga macho, unaokota. Taa yenyewe nayo si mchezo: mionzi ya mawimbi mafupi huunguza macho, kwa hiyo haimulikwi usoni mwa mtu hata kwa mzaha. Baadhi ya madini ya pale yana risasi au aseniki, kwa hiyo mikono inaoshwa kabla ya mtu kushika sambusa. Hili la mwisho tunaliandika kwa kuwa siku ile halikuzingatiwa na wote. Tukiri pia kwamba kujifunika khanga mbili ili kupata giza la kujaribia taa mchana hakufai. Khanga inapitisha mwanga. Koti zito la baridi ndilo lililotusaidia.

Kuna waliosema kwamba kifusi kimeshachambuliwa na vizazi, na mawe ya maana yamebaki ndani. Huenda ni kweli. Lakini fikirini: mtu aliyeingia kwa siri usiku katika mgodi wa mwenyewe, akatoka na jiwe zuri, ataandika nini kwenye kadi? Hawezi kutaja mgodi, kwa sababu akiutaja amejishtaki. Hawezi kutaja tarehe. Ataandika jina la jimbo tu, au atadanganya. Jiwe lake litapita mikono mitatu minne, na mwisho litakuwa jiwe zuri lisilo na kwao. Ndiyo maana kwetu kibali si suala la sheria tu. Asiye na kibali hana daftari.

Hoja ya pili ndiyo nzito, nayo ni ya ndugu yetu wa Lubumbashi. Alituonyesha tofauti ambayo hatukuwa tumeiona: kitendo kimoja, kuinama na kuokota jiwe kwenye kifusi, huku ni burudani ya wikendi na kule ni kosa. Baadhi yetu tulitaka kumjibu haraka kwamba hali ni tofauti, kwamba hapa mgodi umekufa na kule bado unachimbwa, kwamba hapa jiwe haliuzwi kuyeyushwa. Yote hayo ni kweli na hayajibu alichouliza. Yeye hakusema tuna hatia ya Katanga. Aliuliza tumeandika nini.

Tukaenda kusoma. Na tuliyoyakuta yalituonyesha kwamba New Jersey na Katanga haziko mbali hivyo.

Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, katika eneo ambalo watu huzungumza Kiswahili kila siku sokoni na nyumbani. Urani yake iligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut Katanga ikauchimba. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni hiyo, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe ziletwe Marekani. Mapipa yaliwekwa kwenye ghala kule Staten Island, New York, yakakaa pale hadi mwaka 1942, jeshi la Marekani lilipoyanunua kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Mawe mengine ya Kongo yaliyofuata yalipimwa na kuhifadhiwa katika kiwanda cha Middlesex. Na Middlesex iko wapi? New Jersey. Basi letu lilipokuwa likielekea Franklin tulipita jimbo lilelile lililowahi kupokea mawe yaliyobebwa na watu wa lugha yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Mawe ya Shinkolobwe nayo yamo katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani, na baadhi yake huwaka chini ya taa. Aina nyingi za madini ya urani ziligunduliwa pale kwa mara ya kwanza duniani. Tazameni majina. Sharpaiti ni jina la Robert Sharp, Mwingereza anayetajwa kuwa ndiye aliyeigundua hazina ile. Kuzinaiti ni jina la Jules Cousin, mkuu wa kampuni. Sengieraiti, iliyogunduliwa katika mgodi mwingine wa Katanga, ni jina la Sengier mwenyewe. Kuna ya Becquerel, kuna ya akina Curie, kuna na ya profesa wa Louvain, saleaiti, nayo huwaka manjano yenye ukijani. Majina ya mahali yamo: kasolaiti, kwa mfano, imepewa jina la Kasolo. Lakini jina la mtu mmoja aliyeshika sururu pale, tumelitafuta katika orodha hiyo, hatukuliona.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba mwanasayansi asiheshimiwe kwa jina. Tunasema kwamba kuna njia nyingine, na mfano wake uko palepale Sterling Hill. Kuna madini yaitwayo kolikaiti, yaliyoelezwa na wanasayansi mwishoni mwa miaka ya 1970. Yamepewa jina la John Kolic, na John Kolic alikuwa mchimbaji wa mgodi ule. Alikuwa na jicho la kutambua kisicho cha kawaida katika mwamba, akakitoa, akakifikisha kwa wenye vyombo vya kupimia. Wao wakaandika alikotoka na nani aliyekileta, na jina lake sasa limo katika vitabu vya madini vya dunia nzima. Sengier na Kolic walikuwa katika kazi moja, uchimbaji, mmoja ofisini na mmoja shimoni. Tofauti kati ya Sterling Hill na Shinkolobwe katika jambo hili si kwamba kule watu hawakuwa na macho. Ni kwamba hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuandika majina yao.

Na habari ya Shinkolobwe si ya zamani tu. Mgodi ule uliachwa, kisha wachimbaji wadogo wakaingia kwa ajili ya kobalti. Mwaka 2004 serikali iliufunga kwa amri ya rais, na katikati ya mwaka huohuo sehemu yake ikaporomoka ikiwa na watu ndani. Kwa hiyo neno "mgodi ulioachwa" lisitudanganye. Mgodi huachwa na kampuni. Watu wanaouzunguka hubaki palepale.

Hapa ndipo tunapotaka kuwa waangalifu na lile neno "mwizi". Tumesema juu kwamba asiye na kibali hana daftari. Hilo tunajisemea sisi, wenye nauli ya basi na chakula cha mchana mkobani. Mtu anayeokota ili ale, katika nchi ambayo kibali hakimfikii, hatumhukumu kwa kanuni tuliyojiwekea ya burudani. Deni letu kwake ni kutoyachukua mawe ya jasho lake tukayaonyesha kama yaliyojiotea yenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tungependa yapigiwe kura katika mkutano ujao.

La kwanza, kila jiwe liwe na kadi yake, na namba ya kadi iandikwe juu ya jiwe lenyewe kwa doa dogo la rangi, kwa sababu kadi na jiwe hutengana siku ya kwanza ya kufagia. Tumejaribu kuandika moja, nayo ni hii: "Namba 4. Kalsaiti na wilemaiti, pamoja na franklinaiti nyeusi. Kifusi cha Buckwheat, Franklin, New Jersey. Limeokotwa na wanachama, Oktoba, kwa kibali. Chini ya mawimbi mafupi: jekundu na kijani, nyeusi haiwaki. Mgodi ulichimbwa kwa ajili ya zinki, ukafungwa 1954. Waliochimba: wahamiaji kutoka Cornwall, Hungaria, Poland, Urusi, Meksiko na kwingineko." Kadi hiyo ilituchukua robo saa. Mistari miwili ya mwisho ndiyo tusiyoiona katika kadi nyingi za maonyesho, na ndiyo tunayoitaka sisi.

La pili, kadi ziandikwe kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza kifuate. Hapa tunawaomba walimu wetu msaada, kwa kuwa tumekwama katika neno. Kung'aa ni kwa sufuria iliyosuguliwa. Mwanga unatoka nje na kurudi nje. Kumeremeta na kumetameta ni kwa nyota na vito. Kumulika ni kazi ya taa, si ya jiwe. Sisi tumechagua kuwaka, kwa sababu ndilo neno lililotutoka midomoni sote wakati mmoja taa ilipowashwa: "Linawaka!" Wapo waliopinga kwamba kuwaka ni kwa moto, lakini tunasema taa inawaka na hakuna anayetafuta moto ndani yake. Kwa yale mawe yanayoendelea kutoa mwanga kitambo baada ya taa kuzimwa, kama baadhi ya wilemaiti, tumependekeza kubaki na mwanga. Waingereza nao walilitoa neno lao ndani ya jiwe: mwaka 1852 George Stokes aliunda jina la tabia hii kutokana na madini ya fluoraiti. Nasi tusiogope kuunda. Kama walimu wanalo neno bora zaidi, walitume kwa mhariri.

La tatu, kabati liwe na nafasi ya Shinkolobwe, bila jiwe. Mawe ya urani hayafai kukaa katika chumba ambamo watu wanakunywa chai, na hata yangefaa hatutaki kununua. Iwekwe kadi tu, yenye tarehe hizo tulizozitaja, na ndugu yetu wa Lubumbashi aombwe kuiandika kwa Kiswahili cha kwao. Tumekwisha kumwuliza. Amesema atafikiri, na kwamba akikubali, mhariri asije akamsahihishia kwa kalamu nyekundu na kukigeuza Kiswahili cha Unguja. Tunaunga mkono sharti hilo.

Tunajua jibu litakalokuja: kadi haimlishi mtu. Ni kweli, haimlishi. Wala hatudai kwamba kipande cha karatasi katika chumba cha wanafunzi kitabadilisha bei ya kobalti au kumtoa mtu shimoni. Tunadai kidogo zaidi ya hapo, na tunadhani kinawezekana: mgeni atakayekuja usiku wa utamaduni, akabonyeza swichi na kushangaa, asiondoke akidhani kwamba uzuri ule haukupitia mikononi mwa mtu.

Mwisho, habari ya jiwe la kumi na nane. Kumi na saba tuliyaokota Buckwheat, na yote sasa yana kadi. La kumi na nane mmoja wetu alilinunua njiani kwenye meza ya mchuuzi wa mawe: la kijani, lenye madoa ya rubi ambayo huwaka mekundu chini ya taa ya mawimbi marefu. Dada yetu wa Arusha alipoliona alisema mara moja, "Hili la kwetu, hili la Longido." Huenda. Mawe ya rubi ndani ya zoisaiti ya kijani hutoka kule kweli. Lakini mchuuzi hakujua kitu, na kwenye kikaratasi chake palikuwa na neno moja. Tulijadili kama tuandike Longido, tukakubaliana kwamba kudhani si kuandika. Kwa hiyo nalo litaingia kabatini likiwa na kadi, na kadi yake itasomeka hivi: "Namba 18. Rubi ndani ya zoisaiti. Afrika, kwa mujibu wa muuzaji. Mengine hayakuandikwa."